Jina la Pili kwenye Hati ya Nyumba

Saa tatu na dakika tano asubuhi, siku ya Jumatatu, Mama Karoti aliingia dukani kwangu, akaweka karatasi kwenye kaunta na kuniomba nimtolee kopi mbili. Dakika hizo tano sikuzibuni. Nina desturi ya kuandika katika daftari saa ya kila kazi inayoingia, na mstari huo ninao hadi leo.

Karatasi ilikuwa hati ya kiwanja cha nyumba alimokuwa akiishi na mumewe, Karani, upande wa Rubavu, mpakani na Goma. Karani alikuwa hospitalini siku ya nne, nusu ya mwili imelala na ulimi umekuwa mzito kwa kiharusi. Madaktari walitaka apelekwe Kigali. Mama Karoti alikuwa anakwenda kukopa kwenye koperative ya wauza mboga, na dhamana aliyokuwa nayo ni nyumba hiyo tu.

"Papa Fotokopi, angalia kama inasomeka muzuri. Bale ba koperative banasumbuaka."

Niliitazama. Ilikuwa na majina mawili, kila moja na nusu yake. La kwanza lilikuwa la Karani. La pili lilikuwa la mwanamke. Nikamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba miaka yote hii sikuwahi kulijua jina lake kamili, na kwamba ni jina zuri.

"Jina gani?"

Nikalisoma.

Akacheka. "Eh, sha, umekosea mustari. Soma ya chini."

"Ya chini ndiyo hii."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Aliichukua karatasi, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, ingawa hakujua kusoma. Karani ndiye aliyemsomea kila kitu kwa miaka ishirini na moja.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Nilimjibu kwamba sijui. Sikumwambia kwamba, nilipolisoma mara ya pili, nilikumbuka kuwa jina lile nilikuwa nimewahi kuliona.

Tangu siku hiyo nimejaribu kumpanga Karani kichwani mwangu kama ninavyopanga mafaili, na kila nikimpanga kuna karatasi inayobaki nje. Simwandiki ili kumshtaki. Nilimfahamu kwa miaka kumi na tisa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimpenda.

Duka langu linatazamana na ofisi alikofanya kazi. Hakuwa yeye anayefungisha ndoa; hiyo ni kazi ya mkubwa wake. Yeye aliandaa mafaili, akabandika matangazo ya ndoa ukutani, akawapanga wachumba kwenye benchi kila Alhamisi na kuwafundisha namna ya kuinua mkono mmoja na kushika bendera kwa mwingine. Kila mtu alimwita Karani, hata mkubwa wake, nami simwiti vinginevyo hapa. Yeye aliniita Mutanzania, kwa kuwa nililelewa Karagwe kabla familia yetu haijarudi huku, na Kiswahili changu kilimchekesha. "Unasemaka kama redio," alikuwa akiniambia. Yeye alitoka upande wa Congo, na alisema kama watu wa huko.

Kila faili la ndoa lilihitaji kopi, na Karani aliwatuma wachumba kwangu. Jioni alivuka barabara na kuniuliza maswali ambayo mwanzoni niliyaona ya umbea. Nani alishika dosiye? Nani alilipa? Walipokuwa wakingoja mashine, macho yalikuwa wapi?

"Bale ba saa ine, mwanamuke wa gauni ya kijani?"

"Mwanamume alishika faili. Mwanamke alisimama mlangoni na simu."

"Alilipa nani?"

"Mwanamke."

"Bon. Ile ni upendo ya kupewa lifti. Mwanaume anafikiri ndiye anaendesha, kumbe petroli ni ya mwanamuke."

Siku moja nilimsimulia wachumba waliolishika faili pamoja, mikono minne, hata mimi nikashindwa kulichukua. Nilidhani nimemletea habari njema. Akatikisa kichwa. "Ile ni uoga, Mutanzania. Kitu hakishikakwe na mikono mine kama hakuna mwenye anataka kukimbia." Hao hawakufika Alhamisi. Bwana harusi alivuka mpaka siku ya Jumanne na hatukusikia habari zake tena.

Hakuwa sahihi kila mara. Aliwatabiria mabaya askari mmoja na mchumba wake, mwalimu wa shule ya msingi, kwa sababu askari alihesabu chenji mara tatu. Leo wana watoto wanne na bado wanapita hapa wameshikana mikono kama watu waliotoka kanisani. Nilipomkumbusha, alisema kwamba kuhesabu chenji si dhambi, na kwamba amejifunza kitu.

Sheria yetu huwataka wachumba wachague, kabla ya kiapo, namna ya kumiliki mali: yote kuwa ya pamoja, au kila mtu na chake, au kuchangia kiasi mnachokubaliana. Wengi hufika kwenye benchi bila kuwa wamelizungumzia. Karani aliwaeleza polepole, na hapo, alisema, ndipo upendo huvua viatu. Nilikuwepo siku kijana mmoja alipojibu haraka, "Kila mutu na yake," na msichana akaondoa mkono wake gotini kwa kijana, taratibu, kidole kimoja kimoja. Hakuna aliyeinua sauti. Karani alifunga faili na kuwaambia warudi wiki ijayo. Walirudi, wakachagua mali ya pamoja, lakini Karani alisema mkono haukurudi gotini.

Aliowaheshimu zaidi walikuwa wazee wanaokuja katika kampeni za kuhalalisha ndoa, wakati ofisi inapowaandikisha kwa makumi watu walioishi pamoja bila karatasi. Mwaka mmoja bibi kizee aliuliza mbele ya watu wote kama ana ruhusa ya kujibu hapana.

"Ruhusa unayo, mama," Karani akasema.

"Nikisema hapana, miaka makumi ine inarudi?"

"Haitarudi. Lakini tutakuletea kiti upumuzike."

Ukumbi mzima ulicheka. Mumewe, aliyekuwa amembebea kikapu muda wote, alicheka kuliko wote, na bibi akasema ndiyo. Jioni ile Karani aliniambia kwamba watu wanadharau upendo wa mazoea, lakini ndio pekee "inaamukaka mapema".

Mimi sikusoma shule za juu. Nimejisomea vitabu vya mitumba, na miaka ile nilikuwa katika vya saikolojia. Nilikuwa nimesoma kwamba upendo wa watu wawili una sehemu zake: ukaribu wa moyo, hamu ya mwili, na uamuzi wa kubaki, na kwamba sehemu hizo zikichanganywa kwa vipimo tofauti hutoa aina tofauti za upendo. Nikachora jedwali kwa rula, nikamwonyesha Karani. Alilitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama cheti chenye mhuri wa mashaka.

"Kuko kosa," akasema.

"Wapi?"

"Iko wapi ile ya mutu mwenye anabakia juu ya kuona haya?"

"Hiyo ni uamuzi wa kubaki. Safu ya tatu."

"Hapana. Kuamua kubakia na kushindwa kutoka si kitu moja." Akagonga jedwali kwa kucha. "Na ile ya deni? Mutu alikutendea mema kupita kiasi. Unamupenda kweli, lakini ukimuona unachoka. Unaiweka wapi?"

Nilidhani anazungumzia wateja wake. Nikaongeza safu mbili.

Katika kazi alikuwa safi kiasi cha kuudhi. Hakunywa hata Fanta ya mwombaji. Cheti alichokishikilia kuliko vyote kilikuwa kile cha kuthibitisha kwamba mtu hana ndoa nyingine. Mfanyabiashara mmoja mwenye gari kubwa aliwahi kuja bila cheti hicho, ukumbi wa sherehe ameshalipia, akaweka bahasha juu ya meza. Karani aliirudisha kwa ncha ya kalamu.

"Nampenda huyu msichana, mzee," mfanyabiashara akasema. "Hiyo haitoshi?"

"Karatasi hii haiulizi kama unapenda. Inauliza kama kuko mwingine mwenye anangojea."

Maneno hayo niliyaandika katika daftari jioni ile ile, nikayapigia mstari. Sasa nikiyasoma najiuliza aliyasema kwa uso gani, na siwezi kukumbuka.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine, au niseme alikuwa mtu yule yule aliyefunguliwa kifungo cha shingo. Mama Karoti alinunua karoti na vitunguu kwa wakulima wa Nyakiriba, akawauzia wanawake wa Goma kwa jumla. Mvua ikinyesha, Karani alitoka ofisini na tai yake, akasimama barabarani kulingoja lori akiwa na mabuti makavu ya mkewe chini ya mwavuli. Yale yenye matope aliyaosha mwenyewe kwenye bomba la ofisi, mbele ya wachumba waliokaa kwenye benchi. Watu walisema amelogwa. Mlinzi wa ofisi alimwita "bibi wa Karoti", yaani mke wa Karoti, na yeye alicheka tu.

Hawakupata mtoto. Jina la Mama alipewa na soko, kwa heshima, na la Karoti kwa biashara, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza la ubatizo. Hilo ni kosa letu sote, na matokeo yake yanakuja.

Kila mwaka kampeni ilipofika, kulikuwa na mzaha ule ule ofisini. "Karani, na wewe tukuweke kwa liste?" Naye alijibu, "Sisi tulipitaka zamani." Tulielewa kwamba walifunga ndoa Congo na karatasi zikapotelea vitani, kama karatasi za watu wengi. Baadaye nilimuuliza Mama Karoti yeye alielewa nini. Alisema alimuuliza mumewe mara mbili, na mara zote mbili alimjibu kwamba itafika. "Ya tatu mutu anaonaka haya," akasema.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi Karani alivuka mpaka wa Grande Barrière kwenda kumwona dada yake huko Goma. Mfuko wa kupeleka aliupanga Mama Karoti mwenyewe: viazi chini, vitunguu kati, karoti juu. Mara mbili aliomba aende naye kumsalimu huyo dada. Mara ya kwanza dada alikuwa mgonjwa. Mara ya pili mpaka ulikuwa na vurugu. Hakuomba tena.

Sasa nifike kwenye jina. Mwaka walipopita watu wa kuandikisha ardhi, Karani alikuja dukani na cheti cha zamani cha ndoa cha upande wa Congo, kimekunjwa mara nne. Alitaka kopi tatu. Nilizitoa. Nilisoma jina la mke, kwa kuwa ninasoma kila kinachopita kwenye kioo cha mashine, na nikafikiri: kumbe Mama Karoti anaitwa hivi, na kumbe karatasi zao hazikupotea. Nikafurahi kwa ajili yao, kisha nikalisahau. Siku hiyo Mama Karoti alikuwa Nyakiriba, na nyumba ilikuwa imefikia kwenye lenta kwa pesa za karoti, maana mshahara wa Karani uliishia kwenye chakula na ule mfuko. Fomu iliuliza mke halali ni nani. Karani, ambaye hakuwahi kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali, akaandika ukweli.

Jumamosi, siku ya pili baada ya Karani kuanguka, Mama Karoti alituma ujumbe Goma kwa mwanamke mmoja mchuuzi: mwambieni dada yake aje. Dada alifika Jumanne, siku moja baada ya ile hati kusomwa kwenye kaunta yangu. Nilikuwa hospitalini nimepeleka uji. Alikuja mwanamke mrefu, kitenge kimepigwa pasi, miwani imefungwa kwa uzi. Muuguzi akamuuliza ni nani wa mgonjwa, naye akalitaja jina lake lote, kama mtu aliyezoea kulitaja.

Mimi nililisikia. Mama Karoti naye alilisikia, kwa maana jana yake nililisoma mara mbili. Lakini mazoea yana nguvu, na kinywa chake kilikuwa kimeshafunguka. "Karibu, belle-sœur," akasema, kama tunavyowaita mawifi hapa.

"Mi si belle-sœur yako, mama. Mi ni bibi yake. Na we unajua, nakuona kwa macho."

Walitoka nje kwenye ukumbi wa mbele. Nami nikatoka nao, kwa kuwa Mama Karoti alinishika mkono wa shati. Nilitegemea kelele. Hakukuwa na kelele.

"Ulijua kama niko?" Mama Karoti akauliza.

"Tangu mwaka ya kwanza. Mwanaume hapangake karoti vile, vichwa upande moja, majani imekatwa sawa. Nikasema: huko kuko mwanamuke, na ni mwanamuke mwenye adabu."

"Na haukusema."

"Niseme kwa nani? Yeye alikuwa anakuja, anakaa saa mbili, anaangalia saa, anaenda. Mutu wa vile unamuambia nini?"

Mimi ndiye niliyeleta habari ya nyumba. Nilieleza kwa utaratibu: nani alijenga, hati inasema nini, mkopo wa Kigali umekwama kwa sababu ya jina. Nikasema kuna namna ya kuandika makubaliano mbele ya mthibitishaji wa hati, kwamba anamwachia Mama Karoti sehemu yake. Madame (ndivyo nilivyomwita, sikuona lingine la kumwita) alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yake alikufa kwa mikono yangu," akasema. "Miaka tatu nilimugeuza kitandani. Wote walikimbia, na yeye alikimbia, mi nikabakia na muzee. Siku alirudia kutuona, tayari alikuwa na maisha ingine huku. Akanipigia magoti. Akasema: sina kitu ya kukulipa, lakini jina lako haitatoka kwa karatasi yangu. Ndiyo kitu alinipa. Miaka ishirini na kitu ndiyo nilikula. Sasa munataka na ile nitoe?"

"Ni kwa ajili ya matibabu yake," nikasema.

"Kwa matibabu nitasaini leo. Mukope, nitaweka kidole. Kwa kuacha jina, hapana." Kisha akamgeukia Mama Karoti, bila hasira yoyote niliyoweza kuiona. "We ulikuwa na mutu. Mi nilikuwa na karatasi. Kila mutu abakie na yake."

Aliingia ndani, akamlisha Karani vijiko sita vya uji, akamfuta kidevu kwa ncha ya kitenge, na saa nane na nusu akaondoka kuwahi mpaka, ambao siku hizo ulifungwa mapema. Karani alilia kwa jicho moja, lile la upande ulio hai. Sijui alimlilia nani.

Madame alisaini kweli karatasi ya mkopo. Koperative ikakataa hata hivyo, kwa kuwa mwanachama wao ni Mama Karoti na hati haimjui. Karani hakwenda Kigali. Baada ya wiki tatu alirudishwa nyumbani.

Nilipekua sheria kwa siku kadhaa. Nilijua kwamba mwanamke aliyeishi na mtu bila ndoa anaweza kwenda kwa wapatanishi kudai alichochangia, mradi athibitishe. Risiti Mama Karoti hakuwa nazo. Alinunua saruji kama alivyonunua vitunguu, pesa mkononi. Mashahidi walikuwa watu wa kusikia tu. Ushahidi mmoja tu ungetosha: neno la Karani mwenyewe, lenye sahihi. Na Karani akifa bila kulitoa, Mama Karoti angetoka katika nyumba aliyoijenga kama mpangaji aliyemaliza mwezi.

Basi nikaandika. Sentensi moja tu, kwamba nyumba iliyo katika kiwanja namba fulani ilijengwa kwa pesa za fulani, na hapo niliweka jina la Mama Karoti la ubatizo, ambalo nilikuwa nimelijua kwa wiki chache tu. Siku ya Jumamosi, miezi mitatu baada ya kiharusi, nikampelekea.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, amenyolewa, shati limefungwa mpaka juu. Usemi ulikuwa umerudi kidogo. Alikuwa amejifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto. Kwenye meza kulikuwa na daftari la shule lenye mistari ya herufi a.

"Mutanzania," akasema. "Redio."

Nilimpa karatasi. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Kisha akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, nami nikamshikia karatasi. Akakata tarakimu moja katika namba ya kiwanja, akaandika nyingine juu yake. Nilikuwa nimekosea. Akaweka kalamu chini.

"Sasa saini, mzee. Hapa."

"Nikisaini..." Alingoja neno lifike. "Nitakuwa nimesema nilikaa naye. Na niko na bibi."

"Ndiyo."

"Miaka ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Na kila Alhamisi... nilikuwa naapisha batu."

"Hukuwaapisha wewe. Uliandaa mafaili."

"Ni kitu moja." Alifunga macho. "Watacheka. Bale bote kwa benchi. Watasema: ule ndiye alikuwa anatuomba cheti."

Nilimwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu mzee kuliko mimi. Nilimwambia kwamba watu watacheka wiki moja, na mama huyu atalala nje maisha yake yote. Hakukasirika. Alinitazama kwa jicho lile zima kwa namna ya mtu anayekubaliana nawe kabisa.

"Najua," akasema. "Najua muzuri."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya meza, karibu na kalamu, umbali wa upana wa vidole vitatu. Haukusogea. Nilikaa pale nikiutazama.

Mama Karoti alitoka ndani na bakuli. Aliiona karatasi. Hakujua kusoma lakini alijua nilichokuja kufanya, maana tulikuwa tumepanga pamoja. Alitazama mahali pa sahihi palipokuwa peupe, akamtazama mumewe, akaweka bakuli juu ya karatasi ile ile ili isipeperuke.

"Wacha, Papa Fotokopi. Usimuchoshe."

"Mama, bila hii..."

"Nimesema wacha. Nimupeleke mbele ya wapatanishi na mudomo umepinda hivi? Bamuulize maswali? Ashindwe kujibu, na ye ndiye alikuwa anajibia batu?" Akachota uji, akamgeukia mumewe. "Fungua, Papa. Ni ya mtama."

Alifungua kinywa. Alikula bakuli lote, huku akimtazama, na mkono wa kushoto, ambao haukuweza kufika kwenye kalamu, ulifika kwenye kiwiko cha Mama Karoti na kukaa hapo. Niliondoka nikiwa nimekasirika na wote wawili. Njiani nilijaribu kumtafutia Karani safu katika jedwali langu. Aliwapenda wanawake wawili. Sina shaka na hilo. Lakini alipenda zaidi kuwa mtu ambaye faili lake halina dosari, na upendo huo, ambao hakuna kitabu changu kilichoutaja, ndio aliokufa nao.

Alikufa wiki tano baadaye, mchana, akiwa usingizini. Madame alikuja kumzika. Alikaa mbele, mahali pa mke, na pasta akalitaja jina lake. Mama Karoti alikuwa nyuma, na masufuria, kwa kuwa mtu lazima apike. Baada ya ibada Madame alikwenda jikoni, wakakaa pamoja juu ya gunia, na sikusikia walichoambiana. Madame alimpa Mama Karoti miezi minne ya kukaa katika nyumba. Hakumfukuza hata siku moja kabla. Mwezi wa tano nyumba iliuzwa kwa daktari wa meno, kihalali, kila mhuri mahali pake.

Siku mbili kabla ya kuhamia Nyakiriba, kwa kaka yake, ambako alipewa chumba kimoja nyuma ya ghala la viazi, Mama Karoti alikuja dukani mchana. Alisema nichukue karatasi niandike. Alisimama, hakutaka kukaa, akaanza kutaja: mawe ya msingi, lori mbili, saruji, kwa mifuko na kwa bei ya kila mwaka, mabati, mlango wa chuma, fundi wa lenta aliyekimbia na malipo ya awali, na fundi wa pili, waya wa umeme, tangi la maji. Alikumbuka kila kitu kwa bei yake na kwa msimu wa karoti uliokilipia. Ilituchukua saa moja na dakika arobaini.

"Ni ya kupeleka wapi?" nikamuuliza. "Muda wa kudai bado haujapita."

"Sidai. Mutu akikufa, batu banaulizaka alikuwa na miaka ngapi. Na mi nataka nijue tu nyumba yangu ilikuwa ya ngapi."

Nilijumlisha mara mbili, mara ya pili kutoka chini kwenda juu, nikamsomea: faranga milioni nane, laki saba na elfu thelathini na tano.